Jahazi ni moja: Jibu ninalodaiwa na mwanafunzi



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote, aliyeinua mbingu na akaweka mizani. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake, Maswahaba zake na wote walioifuata njia yao. Ama baad.

Ndugu Waislamu, makala haya ni deni. Mwezi Mei mwaka 2024 nilikuwa nafundisha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu kidato cha tatu, mada ya Qadar, wakati mikoa ya pwani ikiwa bado inahesabu hasara ya mafuriko. Kijana mmoja ambaye kwao ni Rufiji akanyoosha mkono. Akasema: "Ustadh, bibi yangu hajaacha tahajudi tangu nimfahamu. Mbona maji yamemchukulia mpunga wake wote, na wale wenye viwanda wanaosemwa kuwa ndio walioharibu hali ya hewa wamelala salama?"

Nikamjibu kwamba huo ni mtihani, kila jambo limekadiriwa, na bibi avumilie kwani Allah yuko pamoja na wenye kusubiri. Kijana akasema, "Sawa Ustadh," akakaa. Lakini nilimwona usoni kwamba hakuridhika, na nilipokwenda nyumbani mimi mwenyewe sikuridhika. Nilichomwambia ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Na kijana anayelishwa nusu ya dini darasani, nusu iliyobaki atakwenda kuitafuta kwa watu watakaomwambia kuwa dini haina jibu.

Katika makala haya nitajaribu kuilipa nusu hiyo.

Kiangazi na gharika

Tukumbuke yaliyotupata. Mwishoni mwa mwaka 2022 Mto Ruvu ulipungua mno, jiji la Dar es Salaam likaingia katika mgao wa maji, na Waislamu sehemu mbalimbali wakatoka kuswali swala ya kuomba mvua. Huko kaskazini, Somalia, kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, misimu mitano ya mvua ilishindwa kwa mfululizo kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020. Mamilioni ya mifugo yakafa, na wafugaji waliokuwa na makundi wakawa watu wa kusubiri chakula cha msaada.

Haukupita muda mrefu mambo yakageuka. Mvua za mwishoni mwa 2023 zilinyesha kupita kiasi. Desemba 3, 2023 matope yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh, watu zaidi ya 80 wakafariki. Aprili 25, 2024 Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, aliliarifu Bunge kwamba mvua zimeua watu 155 nchini na kuathiri kaya zaidi ya 51,000. Kabla maji hayajakauka, mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya upande wa Mafia na pwani ya kusini, watu ambao wazee wao hawakuzoea kusikia habari za vimbunga katika bahari yao.

Waislamu tuliyapokea haya kwa kauli mbili. Wapo waliosema kuwa hizi ni alama za Kiyama, kwa hiyo hakuna la kufanya ila kutubia. Na wapo waliosema kuwa haya ni mambo ya wazungu, wao ndio waliochafua na wao ndio wasafishe. Kila kauli ina sehemu ya haki ndani yake. Tatizo ni kwamba zote mbili zinaishia mahali pamoja, nalo ni kukaa.

Nini kimeharibika?

Muislamu hawezi kutoa hukumu juu ya jambo asilolifahamu, kwa hiyo kwanza tulifahamu jambo lenyewe. Allah (s.w.) ameizungushia ardhi hewa mbalimbali, na baadhi ya hewa hizo, mojawapo ikiwa ni hewa ukaa, hufanya kazi kama shuka la mtu aliyelala: huzuia joto lisipotee lote usiku. Bila ya shuka hilo dunia ingekuwa barafu tupu. Hiyo ni neema na ni sehemu ya mizani tunayosomeshwa katika Suratur-Rahman.

Kabla ya mapinduzi ya viwanda huko Ulaya, katika kila sehemu milioni moja za hewa, sehemu 280 hivi zilikuwa hewa ukaa. Leo ni zaidi ya 420. Chanzo kikubwa ni kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, vitu ambavyo Allah alivizika ardhini kwa mamilioni ya miaka, na binadamu akavifukua na kuvichoma ndani ya miaka kama mia mbili. Ukataji wa misitu ni chanzo cha pili, kwani mti ulio hai huinywa hewa hiyo na mti uliochomwa huirudisha. Shuka limekuwa blanketi. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kali kuliko miaka yote iliyopimwa, na wastani wa joto la dunia ulizidi ule wa kabla ya viwanda kwa takriban nyuzi moja na nusu.

Mtu atauliza, kama tatizo ni joto, gharika imetoka wapi? Jibu ni kwamba kila joto likipanda kwa nyuzi moja, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Hewa yenye kiu huinyonya ardhi mpaka ikakauka, na siku inapoyatua maji hayo huyamwaga kwa pamoja. Kwa hiyo kiangazi cha 2022 na mafuriko ya 2024 ni watoto wa mama mmoja. Ni kweli kwamba El Nino ilikuwepo tangu zama za mababu zetu, na mvua zile zilikuwa na mkono wake. Lakini El Nino ya leo inakuja juu ya bahari iliyokwishapashwa moto, ni sawa na kumwagia mafuta ya taa jiko ambalo tayari linawaka.

Bahari nayo imepanda kwa takriban sentimita 20 tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Watu wa Pemba wanaona maji ya chumvi yakiingia katika mabonde ya mpunga. Akina mama wa Zanzibar wanaolima mwani wanajua kwamba ile aina yenye bei nzuri haistawi tena katika maji ya kina kifupi kwa sababu ya joto, na wengi wao hawajui kuogelea ili wakaifuate kwenye kina kirefu.

Aya mbili za kusomwa pamoja

Sasa turudi kwa kijana wetu. Katika Suratur-Rum, aya ya 41, Allah (s.w.) anatufahamisha kuwa uharibifu umedhihiri bara na baharini kwa sababu ya yale yaliyochumwa na mikono ya watu, ili awaonjeshe baadhi ya waliyoyatenda, huenda wakarejea. Aya hii husomwa sana katika khutba zetu. Kwa bahati mbaya baadhi yetu huisoma mbele ya watu waliotoka kuzika, na kuifanya kuwa shutuma: mmefanya madhambi, ndio maana mmefurikiwa.

Huo si uadilifu. Aya imetaja mikono ya watu, haikusema kuwa kila anayeonjeshwa ndiye aliyechuma. Isome pamoja na Suratul-Anfal, aya ya 25, ambapo Allah anatuonya tuikinge nafsi zetu na fitna ambayo haitawafika wale waliodhulumu peke yao. Hilo ndilo jibu la swali la darasani. Bibi yule hakuadhibiwa kwa dhambi ya tahajudi zake. Amefikwa na dhulma iliyoachiwa ikaenea mpaka ikawagusa wasiohusika, na subira yake ina malipo kwa Mola wake. Lakini malipo ya aliyedhulumiwa hayafuti hisabu ya aliyedhulumu.

Tazama namna dhulma hii inavyochagua watu. Katika Hija ya mwaka 2024 joto katika Msikiti Mtukufu wa Makka lilifika nyuzi 51.8. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301 vya mahujaji, na wengi wao walikuwa wale waliokwenda bila kibali, waliotembea masafa marefu juani bila hema wala mahali pa kupumzika. Jua lilikuwa moja kwa wote. Lililotofautiana ni kivuli. Pakistan nayo, katika mafuriko ya mwaka 2022, ilipoteza watu zaidi ya 1,700 na watu milioni 33 waliathirika, na nchi hiyo haifikishi hata asilimia moja ya uchafuzi wa hewa ukaa duniani. Bara letu la Afrika lenye watu zaidi ya bilioni 1.4 linatoa takriban asilimia 4 tu.

Walio juu na walio chini

Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Nu'man bin Bashir (r.a.) hadithi maarufu ambayo Mtume (s.a.w.) alipiga mfano wa watu waliopiga kura katika chombo cha baharini, wengine wakapata sehemu ya juu na wengine ya chini. Wa chini walipohitaji maji walikuwa wanawapitia wa juu, basi wakaona ni bora watoboe tundu katika sehemu yao ili wasiwasumbue wenzao. Mtume (s.a.w.) akaeleza kwamba wakiachiwa wafanye walitakalo wote wataangamia, na wakishikwa mikono wote wataokoka.

Katika mfano ule waliotaka kutoboa walikuwa chini. Katika jahazi la leo watoboaji wakubwa wako juu. Marekani peke yake imetoa karibu robo ya hewa ukaa yote iliyotolewa tangu enzi za viwanda zianze. China kwa sasa ndiyo inayoongoza kwa kiasi cha kila mwaka. Na tusiwe watu wa kuona kibanzi kwa wengine tukaficha cha kwetu: kati ya wauzaji wakubwa wa mafuta duniani zimo nchi za Kiislamu za Ghuba, na kwa miaka mingi baadhi yao zimekuwa zikivuta nyuma mazungumzo ya kimataifa kila yanapogusa mafuta. Mkutano wa Dubai wa mwaka 2023 ndio wa kwanza kati ya mikutano hiyo ambao azimio lake lilizitaka nchi zianze kuyaacha mafuta, gesi na makaa ya mawe. Ilichukua takriban miaka thelathini ya mikutano kulitamka neno hilo.

Je, sisi wa chini hatuna patasi mkononi? Tunazo. Takwimu za Serikali zinaonyesha kuwa Tanzania inapoteza hekta zaidi ya 469,000 za misitu kila mwaka, kwa mashamba mapya, mkaa na kuni. Katika delta ya Rufiji, huko huko kwa bibi wa mwanafunzi wangu, uko msitu wa mikoko ambao ni mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, na sehemu yake imefyekwa kwa ajili ya mpunga na boriti. Mkoko huvunja nguvu ya mawimbi, hushika udongo na huweka hewa ukaa matopeni. Anayeufyeka anaondoa ukuta wa nyumba yake mwenyewe.

Hapa lazima tutenganishe israfu na dharura. Mama ntilie anayechochea mkaa kwa sababu mtungi wa gesi umemshinda bei si sawa na mwenye uwezo anayewasha viyoyozi katika vyumba visivyo na mtu. Fiqhi yetu inatambua tofauti hiyo, na yeyote anayewahutubia maskini juu ya mazingira bila kuitambua anaongeza dhulma juu ya dhulma.

Qadar si mto wa kulalia

Huenda mtu akasema, Ustadh, yote hayo yamekwishaandikwa. Ni kweli yameandikwa. Lakini tujiulize waliotutangulia waliifahamu vipi Qadar. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) alipomuuliza kama anaikimbia Qadar ya Allah, Umar akamjibu kuwa anatoka katika Qadar ya Allah kwenda katika Qadar ya Allah. Tauni ni Qadar, na kuepuka tauni pia ni Qadar.

Kabla yake, Nabii Yusuf (a.s.) alipofasiri ndoto ya mfalme wa Misri na kujua kuwa miaka saba ya ukame inakuja, hakuwaambia watu wakae wangoje. Aliwafundisha walime miaka saba kwa juhudi, waihifadhi nafaka katika mashuke yake na wale kidogo tu. Huyo ni Nabii aliyepewa utabiri wa hali ya hewa kwa wahyi, akaufanyia mpango. Sisi tunapewa utabiri na Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha tunaufanyia mzaha barazani.

Na kwa wale wanaosema ni alama za Kiyama, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa hata kama Kiyama kinasimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Yaani hata alama iliyo kubwa kuliko zote haimwondolei Muislamu wajibu wa mche wake.

Tufanye nini?

Kwanza, tuanzie pale tunapotawadhia. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na amekataza israfu ya maji hata kwa mtu aliye kando ya mto unaopita. Misikiti yetu mingi ina mabomba yanayovuja mchana kutwa na mapaa makubwa yasiyo na mifereji. Kamati ya msikiti ikiweka mifereji na tangi la kuvunia mvua, imeswali istisqaa kwa vitendo.

Pili, turudishe wakfu wa miti. Yapo makaburi, viwanja vya madrasa na ardhi za wakfu zilizo tupu. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Muislamu akipanda mti, kila atakachokula humo mtu, ndege au mnyama ni sadaka yake. Lakini tupande na kutunza. Mche uliopandwa kwa ajili ya kupiga picha na kuachwa ukauke nao ni israfu. Tunao mfano karibu: katika kisiwa cha Misali huko Pemba, ambacho wavuvi wanasimulia kuwa Nabii Khidhri alikifanya msala wake, mafunzo ya Qur'an juu ya amana na ukhalifa yalitumika kuwafundisha wavuvi na watoto wa vyuoni kuyalinda matumbawe na kuacha baruti. Dini iliingia kazini, haikubaki mimbarini.

Tatu, taasisi zetu. Serikali imeagiza taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Shule zetu za bweni zisingoje mpaka zifuatwe. Wenye uwezo wanaochangia futari kila Ramadhani wafikirie pia kuchangia jiko la gesi au la bayogesi, kwani jiko hilo litapika futari ya miaka mingi.

Nne, kipaza sauti cha msikiti kitangaze tahadhari za mvua na kimbunga kama kinavyotangaza mazishi. Huenda kikapunguza hayo mazishi. Na waliofurikiwa wapewe zaka na sadaka mapema, kabla hawajauza ng'ombe na kiwanja.

Tano, tudai haki bila ya kuona haya. Katika Suratul-Anbiyaa, aya ya 78 na 79, imetajwa kesi ya kondoo walioingia usiku katika shamba la watu. Wafasiri wanaeleza kuwa Nabii Sulaiman (a.s.) alihukumu mwenye shamba apewe kondoo wale anufaike nao, na mwenye kondoo alihudumie shamba mpaka lirudi lilivyokuwa. Hiyo ndiyo fidia katika sheria yetu: aliyeharibu anatengeneza. Mwaka 2022 huko Sharm el-Sheikh, Misri, mataifa yalikubaliana kuunda mfuko wa hasara na uharibifu kwa ajili ya nchi zinazoumia. Mpaka sasa fedha zilizowekwa ni chache mno ukilinganisha na hasara. Viongozi wetu wanapokwenda katika mikutano hiyo wasiende kama waombaji wenye bakuli. Waende kama wenye shamba lililoliwa. Nasi tuwaulize wakirudi fedha zimefika wapi, kwa sababu fidia ya bibi wa Rufiji ikiishia katika posho za semina, tutakuwa tumeongeza kundi jingine la kondoo.

Hitimisho

Mwanafunzi wangu amemaliza kidato cha nne mwaka 2025. Kabla hajaondoka nilimuuliza habari za bibi. Akaniambia kuwa maji yalipopungua, bibi alishuka kutoka dunguni, akatazama udongo mpya ulioachwa na mto, akapanda kunde na mahindi. Hakungoja jibu langu. Aliifahamu hadithi ya mche kuliko mwalimu wa mjukuu wake.

Basi ndugu zangu, bibi yule ametimiza wajibu wake wa chini ya jahazi. Aliobaki nao ni wajibu wa kila mmoja wetu: kuuzuia mkono unaotoboa, uwe wa tajiri wa mbali, wa jirani au wa kwetu wenyewe. Allah habadilishi yaliyo kwa watu mpaka wabadilishe yaliyo katika nafsi zao.

Tunamuomba Allah (s.w.) awarehemu waliokufa katika majanga haya, awape mbadala ulio bora waliopoteza mali zao, atupe mvua ya manufaa isiyo ya madhara, na atujaalie kuwa makhalifa wa kweli katika ardhi yake. Aamin.

Wabillahi tawfiq.